Bose: Mwalimu wa Dhaka aliyewafunza wanasayansi kuhesabu upya

MNAMO Juni 4, 1924, mwalimu wa fizikia mwenye umri wa miaka 30 aliandika barua fupi mjini Dhaka, akaituma Ujerumani. Ndani ya bahasha alitia makala yake ya kurasa chache. Mwandikiwa alikuwa Albert Einstein, mwanasayansi ambaye jina lake lilikuwa limevuma kote ulimwenguni. Mwandishi alikuwa Satyendra Nath Bose, mtawaliwa wa himaya ya Uingereza, asiye na shahada ya uzamifu wala mtu wa kumtambulisha.

Makala hayo alikuwa amekwisha kuyatuma Uingereza kwa jarida la Philosophical Magazine, lakini hayakuchapishwa humo. Sasa alikuwa akimwomba Einstein ayasome na, iwapo angeyaona yanafaa, ayatafutie nafasi katika jarida la Kijerumani. Alikiri kwamba Kijerumani chake hakikutosha kuyatafsiri mwenyewe.

Einstein aliyasoma, akayatafsiri kwa mkono wake na kuyapeleka kwa jarida la Zeitschrift für Physik, ambalo liliyachapisha mwaka huo huo. Tangu hapo, jina la mwalimu huyo wa Bengal halijatoka katika vitabu vya fizikia. Moja kati ya makundi mawili makuu ya chembe za maumbile huitwa kwa jina lake.

Bose alizaliwa Januari 1, 1894 katika jiji la Calcutta, ambalo sasa huitwa Kolkata. Baba yake, Surendranath Bose, alikuwa mhasibu katika shirika la reli. Mama yake aliitwa Amodini Devi. Satyendra alikuwa kifungua mimba na mwana wa pekee wa kiume, akifuatwa na dada sita.

Nyota njema huonekana asubuhi. Katika shule ya Hindu School, alijulikana kwa wepesi wake wa hesabu. Mwaka wa 1909 alijiunga na chuo cha Presidency, ambako walimu wake walikuwa miongoni mwa wanasayansi wa kwanza wa Kihindi kutambuliwa ng'ambo, wakiwemo Jagadish Chandra Bose na mwanakemia Prafulla Chandra Ray. Darasani alikaa pamoja na Meghnad Saha, aliyekuja kuwa mwanafizikia mashuhuri wa nyota. Katika mtihani wa shahada ya uzamili wa mwaka wa 1915, Bose aliibuka wa kwanza, Saha akamfuata. Wakati huo Bose alikuwa tayari ameoa. Alifunga ndoa na Ushabati Ghosh mwaka wa 1914, akiwa bado mwanafunzi.

Wawili hao waliajiriwa kufundisha katika chuo kipya cha sayansi cha Chuo Kikuu cha Calcutta. Kazi yenyewe haikuwa rahisi. Vita Kuu ya Kwanza vilikuwa vimefunga njia za bahari, na vitabu vipya vya fizikia, ambavyo vingi vilikuwa vya Kijerumani, havikupatikana kwa urahisi. Vijana hao waliviazima kwa mhadhiri mmoja mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa akifunza katika chuo cha uhandisi karibu na Calcutta, wakajifunza lugha yake ili waweze kuvisoma.

Matunda ya juhudi hizo yalionekana mwaka wa 1920, wakati Chuo Kikuu cha Calcutta kilipochapisha tafsiri ya Kiingereza ya makala ya Einstein kuhusu nadharia ya uhusianifu, kazi ya Bose na Saha. Kwa hiyo, barua ya mwaka wa 1924 haikutoka kwa mtu aliyekuwa akibahatisha. Bose alimkumbusha Einstein kwamba yeye ndiye yule mtu wa Calcutta aliyewahi kumwomba ruhusa ya kutafsiri kazi zake.

Mwaka wa 1921, Chuo Kikuu cha Dhaka kilifunguliwa na Bose akahamia huko. Ilikuwa wakati wa kutayarisha masomo ya wanafunzi wake ambapo alikwama katika jambo moja ambalo wengine walikuwa wakilipita juujuu.

Mwaka wa 1900, Max Planck wa Ujerumani alikuwa amegundua kanuni inayoeleza jinsi kitu chenye joto kinavyotoa nuru: chuma cha mhunzi huwa chekundu kwanza, kisha cha manjano, na hatimaye cheupe kadiri moto unavyozidi. Kanuni hiyo ililingana na vipimo. Ila, kila aliyejaribu kuithibitisha alikopa hatua moja kutoka kwa fizikia ya kale, iliyoichukulia nuru kuwa mawimbi, kisha akamalizia kwa fizikia mpya, iliyoichukulia nuru kuwa vifurushi vidogo vya nishati. Bose aliona kwamba huko ni kujengea nyumba misingi miwili isiyopatana.

Yeye aliamua kuichukulia nuru kuwa gesi ya chembe tangu mwanzo hadi mwisho. Ili kufanikiwa, alilazimika kubadilisha kitu ambacho kila mtu hudhani anakijua, nacho ni kuhesabu.

Chukua mfano wa gololi mbili na visanduku viwili. Iwapo gololi moja ni nyekundu na nyingine ni ya buluu, zipo njia nne za kuziweka: zote katika kisanduku cha kwanza, zote katika cha pili, nyekundu huku na buluu kule, au buluu huku na nyekundu kule. Lakini iwapo gololi hizo hazina tofauti yoyote, njia mbili za mwisho huwa moja tu, na jumla hupungua hadi tatu. Katika hesabu ya kwanza, uwezekano wa kuzikuta gololi mbili katika kisanduku kimoja ni nusu. Katika hesabu ya pili, ambapo kila njia ina uzito sawa, uwezekano huo ni theluthi mbili.

Hiyo ndiyo siri iliyokuwa imejificha katika makala ya Bose. Chembe za nuru hazina majina wala alama. Ukizihesabu kana kwamba kila moja ina kitambulisho chake, utapata jibu lisilolingana na vipimo. Ukihesabu ni chembe ngapi zimo katika kila kisanduku, bila kuuliza ni zipi, kanuni ya Planck hutokea yenyewe. Aidha, hesabu hiyo inaonyesha kwamba chembe za aina hii huelekea kukusanyika pamoja kuliko ambavyo mtu angetarajia.

Einstein aliona mbali zaidi ya hapo. Aliichukua hesabu ya Bose, iliyohusu nuru, akaitumia kwa atomu za gesi. Katika makala yake ya mwaka wa 1924 na 1925, alionyesha kwamba gesi hiyo ikipozwa vya kutosha, atomu zitaanza kurundikana katika hali moja ya chini kabisa ya nishati na kutenda kama kitu kimoja. Hali hiyo ikaja kuitwa mgando wa Bose na Einstein. Ni haki kusema kwamba utabiri huo ulikuwa wa Einstein, lakini ufunguo ulitoka Dhaka.

Si kila alichoandika Bose kilichokubaliwa. Alimtumia Einstein makala ya pili, ambayo yalishughulikia jinsi nuru na maada zinavyofikia msawazo, yaani hali ambapo joto limekwisha kuenea na hakuna badiliko zaidi. Einstein aliyatafsiri na kuyachapisha hayo pia, lakini akaambatisha maelezo ya kuyapinga. Bose hakukubaliana na pingamizi hilo kwa urahisi, na suala la msawazo likabaki akilini mwake.

Kadi aliyotumiwa na Einstein ilitosha kumfungulia milango. Chuo kikuu kilimpa likizo ya masomo ya miaka miwili. Mnamo Oktoba 1924 aliwasili Paris, ambako alikutana na Paul Langevin na Marie Curie na kujifunza matumizi ya eksirei katika maabara ya Maurice de Broglie. Mwaka uliofuata alikwenda Berlin, akaonana na Einstein ana kwa ana.

Aliporejea Dhaka mwaka wa 1926, cheo cha profesa kilikuwa wazi, lakini masharti yalitaka mwenye shahada ya uzamifu. Bose hakuwa nayo. Marafiki walimshauri aombe barua ya mapendekezo kutoka kwa Einstein, naye akaipata. Hivyo ndivyo mtu ambaye hesabu zake zilikuwa zikifundishwa katika vyuo vya Ulaya alivyopata kazi ya uprofesa katika chuo chake mwenyewe.

Alifundisha Dhaka hadi mwaka wa 1945. Katika miaka hiyo alianzisha maabara ya eksirei na kuwahimiza wanafunzi wake waunde vifaa vyao wenyewe badala ya kungoja vya kuagizwa kutoka ng'ambo. Hakuandika makala mengi ya fizikia. Wapo waliomlaumu kwa hilo, wakiona kwamba kipaji kama chake kilipaswa kuzaa zaidi. Hata hivyo, udadisi wake haukuwa na mipaka. Alijishughulisha na kemia, akasoma fasihi ya Kibengali na ya Kifaransa, na jioni alipiga esraj, ala ya nyuzi ya India. Mshairi Rabindranath Tagore alipoandika kitabu cha sayansi kwa Kibengali mwaka wa 1937, alimtunukia Bose kitabu hicho.

Mwaka wa 1945 alirudi Calcutta, miaka miwili kabla ya India kugawanywa na Dhaka kuwa upande wa Pakistan. Tangu mwaka wa 1971, mji huo ni makao makuu ya Bangladesh.

Ni katika kipindi hiki ambapo Bose aliianza kazi ambayo huenda ilimgusa moyo kuliko zote. Aliamini kwamba sayansi inayofundishwa kwa lugha ya kigeni pekee itabaki mali ya wachache, na kwamba mtoto hutumia nguvu nyingi kupigana na maneno kabla hajafika penye maana. Mnamo Januari 1948, miezi michache baada ya uhuru, alianzisha chama cha sayansi cha Bengal, Bangiya Bijnan Parishad, ambacho kilitoa jarida la kila mwezi kwa Kibengali. Jina lake, Jnan o Bijnan, lina maana ya Maarifa na Sayansi.

Waliomshuku hawakukosekana. Walidai kuwa Kibengali kinafaa kwa nyimbo na hadithi lakini hakina istilahi za fizikia. Bose alijibu kwa vitendo. Alifundisha madarasa ya juu kwa Kibengali, na mwaka wa 1963 jarida hilo likatoa toleo maalumu lenye makala asilia ya utafiti pekee, ili kuonyesha kwamba lugha hiyo yaweza kubeba hata elimu mpya kabisa. Hoja hiyo si ngeni kwa wasemaji wa Kiswahili.

Serikali ya India ilimtuza nishani ya Padma Vibhushan mwaka wa 1954. Alihudumu katika baraza la juu la bunge, akawa naibu chansela wa Chuo Kikuu cha Visva-Bharati kilichoanzishwa na Tagore, na mwaka wa 1959 akateuliwa profesa wa taifa. Chama cha Royal Society cha London kilimfanya mwanachama mwaka wa 1958, miaka 34 baada ya makala yake.

Tuzo ya Nobel haikumfikia. Jina lake lilipendekezwa zaidi ya mara moja, lakini halikuteuliwa. Mwanafizikia Mwingereza Paul Dirac alikuwa amempa heshima ya aina nyingine: chembe zote zinazofuata hesabu ya Bose aliziita bosoni. Kundi la pili, la chembe zisizokubali kukaa pamoja katika hali moja, lilipata jina la fermioni, kwa heshima ya Mwitaliano Enrico Fermi. Bose alifariki mjini Calcutta mnamo Februari 4, 1974, akiwa na umri wa miaka 80.

Hakuishi kuuona mgando uliobeba jina lake katika gesi. Kwa miongo mingi, mafundi wa maabara walikosa njia ya kuzipoza atomu kiasi kilichohitajika. Njia ilipatikana pale watafiti walipojifunza kutumia miale ya leza kupunguza mwendo wa atomu, kisha kuziacha zile zenye joto zaidi zitoroke, kama vile chai inavyopoa kwa kutoa mvuke.

Mnamo Juni 5, 1995, Eric Cornell na Carl Wieman walifaulu katika maabara ya Boulder, jimbo la Colorado nchini Marekani. Walipoza atomu za rubidiamu hadi halijoto iliyozidi sifuri kamili kwa takriban sehemu 170 tu kati ya bilioni za digrii moja. Atomu zipatazo 2,000 zikaungana kuwa wimbi moja. Miezi michache baadaye, Wolfgang Ketterle alifanya vivyo hivyo kwa atomu za sodiamu katika taasisi ya MIT. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2001.

Kisha swali likabadilika. Hesabu ya Bose inaeleza hali ya chembe zilizokwisha kutulia. Je, zikivurugwa ghafla, hurudi vipi katika utulivu? Maisha ya kila siku yanatoa jibu jepesi: tone la maziwa katika chai huenea na halirudi tena kuwa tone. Kwa atomu baridi, jibu si jepesi hivyo.

Mwaka wa 2002, kikundi cha Immanuel Bloch mjini Munich kilitumia miale ya leza inayokutana kutengeneza mfano wa trei ya mayai iliyoundwa kwa nuru, atomu zikikaa katika vishimo vyake. Watafiti walipoongeza kina cha vishimo kwa ghafla, alama ya wimbi la pamoja ilipotea kwa sababu ya atomu kusukumana. Muda mfupi baadaye ilirudi, ikapotea, ikarudi tena. Kilichoonekana kimeharibika kilikuwa kimejificha tu.

Mwaka wa 2006, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State walizibana atomu za rubidiamu katika mirija myembamba ya nuru, wakazifanya zigongane huku na huko. Baada ya migongano maelfu, atomu hizo zilikuwa bado hazijafikia msawazo wa kawaida.

Mwaka wa 2017, wanasayansi wa Harvard na wenzao walipanga atomu 51 katika mstari mmoja, kila moja ikishikwa na koleo la nuru. Waliziamsha ili kila atomu iathiri jirani yake, wakiwa wameanza na mpangilio wa kupishana: moja imeamka, inayofuata imelala. Badala ya kuvurugika haraka, mpangilio uliendelea kugeuka na kurejea mara nyingi kuliko ilivyotarajiwa. Katika jaribio hilo hesabu ya bosoni haikuwa na kazi kubwa, kwa kuwa kila atomu ilishikwa mahali pake. Lakini swali lilikuwa la ukoo ule ule: chembe nyingi zinazoathiriana hufikaje kwenye msawazo, na ni zipi hukataa kufika? Linawahusu pia wanaounda kompyuta za kwanta, kwani habari iliyohifadhiwa katika atomu hupotea pindi atomu hizo zinapotulia na kusahau zilikoanzia.

Jambo la kukumbukwa ni kwamba katika makala yake ya pili, yale ambayo Einstein aliyapinga, Bose mwenyewe alikuwa akiihangaikia njia ya kuelekea msawazo. Jawabu lake halikukubaliwa. Swali halikuzeeka.

Leo, wanafunzi wa fizikia kote duniani hulitaja jina la Bose, wengi bila kujua kwamba lilikuwa la mtu. Mjini Kolkata, kituo cha taifa cha utafiti kilichoanzishwa mwaka wa 1986 kinaitwa kwa jina lake. Na jarida alilolianzisha kwa lugha ya mama yake lilimwacha mkono yeye tu, si kazi yake: liliendelea kuchapishwa baada ya kifo chake, likiwaeleza watoto wa Bengal mambo ya nyota, umeme na atomu kwa maneno wanayoyasikia nyumbani.